Sita Waliokufa Bila Dirii

Akida Sabidius aliifunua ile ngozi ya ng'ombe kwa ncha ya kiatu.

"Haya, tazama mwenyewe," alisema. "Sita. Hakuna mwenye dirii, hakuna mwenye chapeo. Umewahi kuona askari wa Rumi anakwenda vitani na kanzu tupu, kama anakwenda kuoga?"

Tarsas alipiga goti lake zima, lile bovu akalinyoosha pembeni, akaanza na maiti ya kwanza. Ndivyo alivyofanya kazi tangu liwali wa Shamu alipomtoa kwenye safu za askari na kumfanya mpelelezi wake: macho kwanza, mikono baadaye, mdomo mwisho. Zizi la nyumbu lilikuwa baridi, na baridi ile ilikuwa imewahifadhi marehemu vizuri.

Habari yenyewe ilikuwa fupi, na kila mtu ngomeni aliisimulia kwa maneno yaleyale, jambo ambalo halikumfurahisha Tarsas hata chembe. Kikosi cha Sabidius kilikuwa kikisindikiza nyumbu wa ngano kupitia Korongo la Mbuni. Wapanda farasi wa jangwani wakatokea juu. Askari saba waliokuwa mbele wakavua dirii zao wapate wepesi, wakatimua mbio. Sita wakafikiwa wakauawa. Wa saba, aitwaye Dizza, alikutwa kesho yake ameketi chini ya korongo, amelowa chapachapa, bunda zima la mikuki mapajani, hajarusha hata mmoja. Kikosi kilichobaki kikarudi nyuma kwa mpango, na ngano yote ikafika salama.

Jemadari Egnatius, aliyefika kutoka Rumi siku si nyingi kabla na ambaye kabla ya hapo alikuwa mtu wa mahakama, si wa mahema, alikuwa amekwisha kuamua. Dizza angepigwa marungu na wenzake mpaka afe. Wale sita wangetupwa nje ya boma, bila kaburi na bila jina. Kilichochelewesha hukumu ni neno la liwali tu, aliyetaka mtu wake aone kwanza.

"Nani amewagusa tangu waletwe?" Tarsas aliuliza hatimaye.

"Hakuna. Nani anataka kuwagusa waoga?"

"Mikanda yao. Mmeifunga nyinyi?"

"Mikanda?" Sabidius alicheka, akawageukia askari wawili waliosimama mlangoni wamsaidie kucheka. "Liwali ametuletea fundi viatu!"

"Nimekuuliza, akida."

"Imefungwa kama ilivyokutwa. Umeridhika?"

Tarsas aliinama zaidi. Kila maiti ilikuwa na mkanda wake kiunoni, bizimu imefungwa sawasawa juu ya kanzu. Aliufungua wa kwanza, akaupeleka kwenye mwanga wa mlango. Tundu la nje, lile la kufungia mkanda mtu akiwa na dirii nene mwilini, lilikuwa limelegea kidogo. Tundu la ndani, la kanzu tupu, lilikuwa limepanuka na kumenyeka kama mdomo wa mfuko wa zamani. Akaufungua wa pili. Vivyo hivyo. Wa tatu vilevile.

"Na huyo?" Sabidius alisogea, sauti imechangamka. "Huyo ni Mucatra, kiongozi wao. Hebu mgeuze. Hebu mgeuze umwone mgongo!"

Tarsas alimgeuza. Kweli, chini ya bega palikuwa na tundu.

"Mgongoni!" akida alisema. "Mwenye jeraha la mgongoni alikuwa anakwenda wapi, mzee? Sokoni?"

Tarsas alilipapasa lile tundu kwa kidole gumba. Lilikuwa dogo, na nyama ya ukingoni imesukumwa kuelekea nje. Akamlaza marehemu chali tena, akaipandisha kanzu. Chini ya mbavu palikuwa na jeraha pana, jekundu, ambalo damu yake iliganda mpaka magotini.

"Mkuki ulimwingilia hapa ukatokeza kule," alisema. "Alikuwa amemkabili aliyemuua, uso kwa uso. Na wenzake watano nao, majeraha yote ni ya mbele."

Akawafunika yeye mwenyewe, kwa mikono, polepole.

* * *

Aliyetolewa kumwongoza korongoni alikuwa mpiga baragumu wa kikosi, Bitus, mtu wa kitambi na maneno mengi, Mthrakia kama Tarsas mwenyewe. Njia nzima alipiga soga: divai ya Shamu inavyoumiza kichwa, nyumbu wa jeshi walivyo na kiburi kuliko maseneta. Walipofika chini ya korongo, soga zikakatika.

"Akida amesema nikuonyeshe hizi, mtu wa kwetu," alisema, macho chini.

Kati ya mawe kulikuwa na dirii mbili za pete za chuma, zimetupwa ovyo. Tarsas aliiinua moja. Ikateleza kama samaki. Akavitazama vidole vyake: vimeng'aa mafuta.

"Ilinyesha usiku wa baada ya vita?"

"Ilinyesha? Mzee wangu, mbingu zilipasuka! Hema letu lilielea, hata viatu..." Bitus alinyamaza ghafla, mdomo wazi.

"Endelea. Viatu vilifanyaje?"

"Viliharibika," Bitus alisema kwa sauti ndogo.

"Ngozi imeharibika, lakini chuma hakikupata hata doa la kutu. Yangu mimi ikilala kwenye umande tu, asubuhi nzima nasugua mchanga na siki." Tarsas aliilaza ile dirii juu ya jiwe. "Hizi zimeletwa hapa baada ya mvua. Aliyezileta ameshindwa hata kuzifuta mafuta ya ghalani. Twende juu."

Juu, korongo lilibana kama shingo ya mtungi. Hapo upepo ulileta harufu kabla macho hayajafika: mizoga ya farasi, mmoja juu ya mwingine, imeziba njia upande wa jangwani. Kila mzoga ulikuwa na mkuki mfupi wa kurusha, wa shingoni au wa kifuani. Mingine ilikuwa imevunjika mpini. Mawe ya pande zote mbili yalikuwa na alama nyeupe za kwato zilizoteleza.

Tarsas alizunguka muda mrefu. Alipanda jiwe, akashuka. Alitafuta kila mahali nyayo za viatu vya misumari zilipokanyaga chini ya vijabali, pale mvua ilipokosa kufika. Nyayo zile zilikwenda mbele mbio, zikajizungusha, zikarudi nyuma ya mwamba, zikaenda mbele tena. Alizisoma kama mtu asomaye uso wa rafiki. Mtu anakimbia kumwelekea farasi anayekuja kasi, anarusha, anaruka pembeni kabla kwato hazijamfikia, anajificha, mwenzake anatoka upande wa pili. Ukimvalisha mtu huyo dirii, rusho la kwanza atafanya, la pili labda. La tatu atakuwa chini ya farasi.

"Walikuwa wakicheza ngoma ya kifo hapa," alisema, kama anayejisemea. "Sita kwa farasi wote hawa. Nimekaa jeshini tangu sina ndevu, sijaona kazi kama hii."

Bitus alikuwa ameketi juu ya jiwe, kichwa mikononi.

"Walikufa hapa hapa?" Tarsas alimuuliza.

"Hapa hapa."

"Adui alitokea wapi?"

Bitus alionyesha juu, jangwani.

"Nanyi mlikuwa wapi?"

Akaonyesha chini, walikotoka.

"Basi hawa ni waoga wa ajabu. Wamekimbia, wakamkimbilia adui." Tarsas alimkaribia. "Mtu wa kwetu, baragumu ya kurudi uliipiga lini? Kabla hawajafa au baada?"

"Nina watoto watatu, mzee."

"Na Mucatra?"

Bitus aliinuka, akaanza kushuka korongo.

* * *

Dizza walikuwa wamemfungia kwenye ghala la dengu, mnyororo mguuni. Alikuwa mtu mwembamba, mwenye mapaja ya mkimbiaji na mkono wa kulia mnene kuliko wa kushoto. Hakungoja kuulizwa.

"Nilikimbia," alisema.

"Dirii uliivulia wapi?"

"Njiani."

"Mkanda ulikuwa umefungwa juu yake?"

"Ndiyo."

"Kwa hiyo ukasimama, ukafungua mkanda, ukainama, ukaikung'uta dirii ikatoka kichwani, kisha, adui akiwa nyuma yako, ukaufunga mkanda tena vizuri. Na wenzako sita wakafanya hivyohivyo. Ninyi ni waoga wenye adabu sana."

Dizza alimtazama mara moja, kisha akatazama ukuta.

"Mwambie jemadari nilikimbia, mzee. Yaishe."

"Nimehoji wezi, nimehoji wauaji, wote wananililia kwamba si wao. Wewe wa kwanza kuniomba marungu. Unamficha nani?"

Dizza aliugeuzia uso ukuta.

Tarsas alipotoka nje ya lango, mwanamke mmoja wa makamo alikuwa amesimama katikati ya njia, mikono kiunoni, ushungi wake mweusi umefungwa kwa nguvu kichwani. Askari walimpisha. Alijulikana: Themarsa, mjane wa askari, mwenye duka la mikate nje ya ngome.

"Wewe ndiye jicho la liwali?" alisema. "Unazungukazunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia, na unachokitafuta kimesimama makaburini. Nifuate, baba."

Alimpeleka penye mawe ya makaburi kando ya barabara. Akasimama mbele ya moja, akalipangusa vumbi kwa kiganja kama mtu anayempangusa mtoto.

Jiwe lilikuwa na sura ya askari amesimama wima. Hakuwa na dirii. Hakuwa na chapeo. Kanzu, mkanda, ngao ndogo ya mviringo, na katika mkono wa kushoto, bunda la mikuki mifupi. Chini yake yalichongwa maneno: Monimus, mwalimu wa warusha mikuki. Na chini zaidi, jina la jemadari wa zamani aliyeamuru jiwe lisimamishwe.

"Mume wangu," Themarsa alisema. "Nilitaka wamchonge na dirii, apendeze kama waume za wenzangu. Kabla ya kufa akaniambia, 'We Themarsa, ukinivika chuma kwenye jiwe nitarudi nikuamshe kila siku.' Alikuwa akijivunia hiyo kanzu kuliko wengine wanavyojivunia medali. Hao sita aliwafundisha yeye. Na Dizza."

"Na ngome nzima inajua?"

"Mpaka mbuzi wanajua! Asiyejua ni huyo jemadari mpya, anayedhani askari ni chuma kinachotembea. Na Sabidius amemwacha aendelee kudhani."

"Kwa nini askari hawasemi?"

Themarsa alipumua kwa nguvu.

"Watasemaje? Waseme sita walibaki, halafu? Jemadari atauliza wengine walikuwa wapi. Kikosi kizima kilishuka mbio, baba. Kikosi kikikimbia, si unajua? Kura inapigwa, mmoja katika kila kumi anauawa na wenzake. Dizza anakula nao, analala nao. Amehesabu mwenyewe, kwa kikosi cha watu themanini: afe yeye, au wafe wanane. Ndiyo maana kinywa chake kimeshonwa."

Tarsas aliutazama uso wa yule askari wa jiwe. Kisha akainamisha kichwa kwa Themarsa kama anavyoinamishiwa mkubwa.

* * *

Kesho yake jua lilipokuwa juu, kikosi kizima kilipangwa uwanjani, marungu yamerundikwa katikati. Jemadari Egnatius aliketi kwenye kiti chake cha kukunja. Dizza aliletwa na minyororo yake. Sabidius alisimama mbele ya safu, dirii yake inameta.

"Sema, Tarsas," jemadari alisema. "Nimekupa nafasi kwa heshima ya liwali. Usiirefushe."

"Nitakuwa mfupi, bwana jemadari. Namwomba akida Sabidius avue dirii yake."

"Kwa nini?" Sabidius alifoka.

"Wewe ulisema hao saba walivua wakikimbia. Kimbia mpaka langoni na kurudi, huku unavua. Ila mkanda usiufungue, kwa maana wao mikanda yao ilikutwa imefungwa."

Kicheko kilipita safuni, kikazimwa upesi. Jemadari alinyanyua kidole: fanya. Sabidius alikimbia. Alivuta shingoni, akavuta mabegani. Dirii ikajikusanya chini ya kidevu ikakwama mkandani, mikono ikanasa juu kama ya mtu anayezama. Alipojikwaa akaanguka, hakuna aliyecheka tena.

"Huenda walivua kabla!" alipiga kelele akiwa vumbini. "Walijiandaa kukimbia tangu mwanzo!"

"Sasa tunaelewana," Tarsas alisema. "Hawakuvua vitani. Walitoka ngomeni bila dirii, kwa sababu ndivyo walivyofundishwa kupigana." Akaieleza mikanda na matundu yake, majeraha ya mbele, farasi waliolala njiani, dirii zisizo na kutu. Mwisho akalitaja jiwe la Monimus, na jina lililochongwa chini yake. Egnatius alimjua jemadari yule. Alikuwa amerithi kiti chake. Uso wake ulianza kubadilika.

"Swali moja la sheria, bwana jemadari," Tarsas aliendelea. "Askari akisikia baragumu ya kurudi, akarudi, ana kosa?"

"Hana. Ametii."

"Hata kama baragumu ililizwa kwa hofu?"

"Hofu hiyo ni ya aliyeamuru. Askari hufuata baragumu, na baragumu hufuata akida."

"Umeyasema mbele ya kikosi kizima," Tarsas alisema taratibu, kisha akageukia safu. "Mmesikia, ndugu zangu? Hakuna kura. Mpiga baragumu!"

Bitus alijitokeza. Jasho lilimtiririka, lakini safari hii hakulikimbia swali.

"Niliipiga wale saba wakiwa bado juu, bwana. Adui hajatufikia. Akida alinishika bega akasema, 'Piga, piga, tumekwisha!' Nikapiga. Tukashuka wote. Hatukutazama nyuma."

Sabidius alikuwa amesimama, nusu ya dirii ingali shingoni.

"Basi wao ndio walioasi!" alisema. "Baragumu ililia, wakabaki! Kwa sheria ya jemadari mwenyewe, wamevunja amri!"

Egnatius alikuwa mtu wa sheria, na neno lile lilimgusa. Alimgeukia Dizza.

"Mliisikia baragumu?"

Dizza alitazama safu za wenzake, mstari baada ya mstari. Wengi waliinamisha macho.

"Tuliisikia, bwana."

"Kwa nini hamkurudi?"

"Mucatra alisema, 'Hiyo ni ya wenye dirii. Wao wazito. Wapeni muda.' Ndivyo alivyotufundisha Monimus. Mwepesi hutangulia kwenda na huwa wa mwisho kurudi. Mikuki ikatuishia. Mimi nilikuwa na mbio kuliko wote, wakanituma chini, kwenye matenga ya akiba. Nikachukua bunda, nikapanda. Nilipofika hapakuwa na wa kumgawia. Wale wapanda farasi nao walikuwa wameondoka. Nikashuka, nikaketi."

Jemadari aliinuka kutoka kwenye kile kiti, akashuka mpaka alipo Dizza, na mbele ya kikosi kizima, yeye mtoto wa seneta, akaishika minyororo kwa mikono yake akimsubiri mwenye ufunguo.

"Mfungeni akida," alisema bila kugeuka. "Atakwenda kwa liwali pamoja na Tarsas. Na wale sita wazikwe leo hii karibu na mwalimu wao. Kila mmoja na jiwe lake. Mchonga mawe aambiwe wazi: asiwavike kitu ambacho hawakukivaa."

Marungu yaliondolewa. Miili ilitoka zizini juu ya ngao, na waliokuwa wakigombania kuibeba walikuwa walewale ambao jana walisimama mlangoni wakicheka. Themarsa alitangulia, ushungi wake umefunguliwa, akiomboleza kwa lugha ya kwao, na hakuna aliyemwambia anyamaze.

Baada ya maziko, jemadari alimwita Dizza mbele ya mashimo yaliyofukiwa.

"Ngome hii inahitaji warusha mikuki," alisema. "Utawafundisha wewe. Sitamlazimisha mtu kwenda vitani bila chuma. Anayetaka na ajitokeze."

Hakuna aliyesogea. Upepo ulipeperusha udongo mbichi. Kisha Bitus aliiweka baragumu yake chini. Alifungua mkanda, akainama, akaikung'uta dirii mpaka ikamwagika miguuni pake, akasimama na kanzu yake, kitambi nje.

"Mimi ni mzito," alisema. "Lakini nitajifunza."

Tarsas, tayari juu ya farasi wake, Sabidius akiwa amefungwa nyuma ya nyumbu, alisubiri kuona. Dizza alimtazama mpiga baragumu yule muda mrefu, mpaka watu wakaanza kuogopa. Kisha akaokota bunda la mikuki lililowekwa kando ya kaburi, akamkabidhi. Bitus alilipokea kwa mkono wa kulia.

"Si hivyo," alisema. "Bunda hushikwa kwa mkono wa kushoto."